Kujiandaa kwa MCAT huku ukiendelea na masomo ya chuo

Unasoma chuo Marekani na unataka kuwa daktari? Basi mbele yako kuna mtihani ambao huko tulikotoka haupo. Unaitwa MCAT. Karibu kila shule ya udaktari nchini Marekani huutaka, na wanafunzi wengi huuandaa wakati bado wana kozi za chuo, kazi na familia ya kutunza. Makala hii inaeleza mtihani huo ulivyo, saa unazohitaji, pesa unazoweza kuokoa, na namna ya kuupanga bila kuharibu alama zako za chuo.

Kwa nini kuna mtihani mwingine tena?

Kama ulikulia Bujumbura, iwe Buyenzi, Ngagara au jirani na Zone Industrielle, njia ya udaktari unaijua. Mwanafunzi anamaliza humanités, anafanya Examen d'État, na alama zake ndizo zinazoamua kama atapelekwa kitivo cha tiba cha Université du Burundi. Akipelekwa, anaanza udaktari moja kwa moja, na miaka inayofuata anajikuta kwenye wodi za Kamenge, hospitali ambayo wengi bado wanaiita Roi Khaled. Upande wa Congo pia, mwenye Diplôme d'État anaweza kuingia kitivo cha tiba bila kupitia shahada nyingine.

Marekani ni tofauti. Shule ya udaktari haianzi baada ya sekondari. Kwanza unasoma shahada ya miaka 4, katika somo lolote unalotaka, ilimradi umechukua kozi za sayansi zinazohitajika. Ukikaribia kumaliza, au baada ya kumaliza, unafanya MCAT na kutuma maombi. Ukikubaliwa, ni miaka 4 mingine, kisha mafunzo ya hospitalini yasiyopungua miaka 3. Kwa hiyo mzazi akikuuliza "udaktari unaanza lini?" ukiwa mwaka wa pili wa chuo, hajakosea kuuliza. Kwa hesabu ya nyumbani ungekuwa umeshaanza.

Kuna watu wawili ambao wasome hapa kabla ya kuendelea. Wa kwanza ni yule ambaye tayari ni daktari, mwenye digrii kamili ya udaktari kutoka Burundi, Congo, Rwanda au Tanzania. Wewe huhitaji MCAT. Njia yako ni ya ECFMG na mitihani ya USMLE, na kurudi kusoma shahada ya kwanza ni kupoteza miaka. Wa pili ni yule aliyekatishwa masomo ya tiba katikati, kwa mfano wale ambao chuo chao Bujumbura kilifungwa mwaka 2015 wakatawanyika. Masomo yako ya kule yanaweza kupimwa na kupunguza kozi za chuo hapa, lakini shule nyingi za udaktari zinataka kozi za sayansi ulizosomea Marekani au Canada, na nyingi huweka kiwango cha krediti 90. Uliza shule yenyewe kabla hujalipia tathmini ya karatasi zako.

Mtihani wenyewe ukoje?

MCAT hufanywa kwenye kompyuta, siku moja, na utakaa pale karibu saa 7 na nusu ukihesabu mapumziko. Una maswali 230 ya kuchagua jibu, katika sehemu 4. Sehemu ya kwanza ni kemia na fizikia jinsi zinavyofanya kazi ndani ya viumbe hai. Ya pili ni ya kusoma na kuelewa, watu huiita CARS. Ya tatu ni biolojia na biokemia, na ya nne ni saikolojia na sosholojia. Sehemu za sayansi zina maswali 59 kila moja kwa dakika 95. CARS ina maswali 53 kwa dakika 90. Hakuna kikokotoo, hesabu unafanya kwa mkono. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali wazi hata kidogo.

Kila sehemu hupewa alama kati ya 118 na 132, na jumla ni kati ya 472 na 528. Katikati ni 500. Wanaoingia shule za kawaida za udaktari, zinazotoa digrii ya MD, wana wastani wa karibu 511 au 512. Shule za osteopathi, zinazotoa digrii ya DO, wastani wake uko chini kidogo, karibu 504. Daktari wa DO ana leseni kamili, anapasua na kuandika dawa kama mwenzake, na ninashangaa jinsi watu wetu wachache wanavyozijua shule hizo.

Unaruhusiwa kufanya mtihani mara 3 kwa mwaka mmoja, mara 4 ndani ya miaka 2 mfululizo, na mara 7 maisha yako yote. Kujiandikisha halafu usitokee kunahesabiwa kama umefanya. Na shule zinaona matokeo yako yote, siyo yale mazuri tu.

Saa zinatoka wapi?

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tupige hesabu pamoja. Washauri wengi wa vyuo hutaja saa 300 au zaidi za maandalizi. Wiki ina saa 168. Vyuo vya Marekani huhesabu kwamba krediti 1 ni saa 1 darasani na saa kama 2 za kusoma nje ya darasa kila wiki. Ukichukua krediti 15, hiyo ni saa 45. Weka zamu za ghalani au za kiwandani, tuseme saa 25. Weka usingizi wa saa 7, ambao kwa wiki ni saa 49. Tumefika 119. Zimebaki 49, na ndani yake kuna kula, kupanda basi, kufua, kumpeleka mama kliniki na kumtafsiria, kwaya, ibada, msiba wa jirani, na simu za usiku kutoka nyumbani. Ukisema utatoa saa 20 za MCAT kila wiki juu ya hayo yote, kitu kitaanguka. Mara nyingi kinachoanguka kwanza ni usingizi, kisha alama za chuo.

Na alama za chuo ndizo hazirudi. Elewa jambo hili vizuri, maana watu wengi hawaambiwi. Unapotuma maombi ya shule za MD kupitia mfumo unaoitwa AMCAS, kila kozi uliyosoma chuoni huhesabiwa. Chuo chako kinaweza kukuambia kwamba ukirudia kozi uliyopata D, alama mpya itafuta ile ya zamani. AMCAS haifuti. Inahesabu zote mbili. MCAT unaweza kuisogeza miezi 4 mbele, lakini C ya kemia uliyoipata kwa sababu ulikuwa unasoma MCAT usiku utaibeba hadi mwisho. Kwa hiyo maandalizi ya MCAT na kozi vikigombania saa ileile, saa hiyo ipe kozi.

Kuna njia tatu ambazo wanafunzi hutumia. Moja ni kusoma majira ya joto baada ya mwaka wa tatu, saa 30 au 40 kwa wiki, na kumaliza katika wiki 8 hadi 10. Ni nzuri kwa mtu asiyefanya kazi. Kwa anayelipa kodi ya nyumba, majira ya joto ndiyo wakati wa kuongeza zamu, kwa hiyo njia hii kwetu ni ya wachache.

Ya pili ni kusambaza saa chache kwa muda mrefu. Saa 10 kwa wiki hukupa saa 300 katika wiki 30, yaani kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi mwishoni mwa Machi, kisha unafanya mtihani Aprili au Mei. Saa 10 siyo jambo la kutisha: asubuhi 4 za saa 1 na nusu kabla ya darasa, na Jumamosi saa 4 maktabani. Kadi za kukariri unazitazama kwenye simu ukiwa ndani ya basi, na hizo usizihesabu kabisa. Acha nafasi ya wiki 3 au 4 ambazo utaandika sifuri. Wiki za mitihani ya chuo ni sifuri, na hilo lipangwe tangu mwanzo ili usijione umeshindwa.

Ya tatu ni kumaliza shahada kwanza, kufanya kazi mwaka mmoja au miwili, na kufanya MCAT ndani ya muda huo. Kwa maoni yangu, hii ndiyo inayomfaa zaidi mwanafunzi mkimbizi anayejitegemea, ingawa nyumbani huonekana kama kuchelewa. Zaidi ya nusu ya wanaoanza udaktari Marekani siku hizi walikaa angalau mwaka mmoja baada ya chuo. Ukipata kazi ya msaidizi wa wauguzi, yaani CNA, au ya mkalimani hospitalini, mshahara unaingia na wakati huohuo unapata uzoefu wa wagonjwa ambao shule zitakuuliza. Kazi ya kupakia maboksi usiku inalipa kodi, na hakuna aibu ndani yake, ila hilo la pili haikupi.

Panga kozi zikufanyie kazi ya MCAT

Wanaotunga mtihani wamesema wazi maswali yanatoka wapi. Katika sehemu ya biolojia, karibu 65% ni biolojia ya kawaida na 25% ni biokemia. Katika sehemu ya kemia na fizikia, 30% ni kemia ya msingi, 25% fizikia, 25% biokemia, na kemia ogania ni 15% tu. Katika sehemu ya nne, 65% ni saikolojia na 30% ni sosholojia.

Angalia biokemia: ni robo ya sehemu mbili nzima. Lakini chuoni ni kozi ya muhula mmoja tu, na wengi huiahirisha hadi mwaka wa mwisho. Ichukue muhula ule unaotangulia mtihani, au muhula uleule. Saa unazosoma kwa ajili ya darasa zitakuwa ni saa za MCAT pia, na hizo huzilipi mara mbili. Vivyo hivyo, kama chuo kinakudai kozi za sayansi ya jamii ili uhitimu, chagua saikolojia ya mwanzo na sosholojia ya mwanzo. Kemia ogania isome kwa ajili ya alama ya darasani, lakini usiitumie mwezi mzima ukijiandaa kwa MCAT.

Wiki ambayo mwalimu anafundisha figo, wewe fanya mazoezi ya MCAT ya figo. Usifungue kitabu cha MCAT ukurasa wa kwanza na kukifuata kama riwaya. Kila swali unalokosa liandike kwenye daftari pamoja na sababu: sikulijua, nililisahau, nilisoma vibaya, au nilikimbia. Baada ya wiki 6 daftari hilo litakuambia ugonjwa wako ni upi. Kwa wengi wetu jibu huwa "nilisoma vibaya", na hapo tunafika kwenye Kiingereza.

CARS kwa mtu aliyesoma kwa Kifaransa

Kwenye sayansi, aliyesoma kwa Kifaransa ana akiba asiyoijua. Majina ya mifupa, ya seli, ya homoni na ya magonjwa yanafanana sana, na mwenzako Mmarekani anayakariri upya wakati wewe uliyasikia darasa la nane. CARS haina akiba hiyo. Ni vifungu 9, kila kimoja kina maneno 500 hadi 600 kuhusu falsafa, sanaa, historia au siasa, na una dakika 10 kwa kila kifungu pamoja na maswali yake. Hakuna cha kukariri. Na hakuna dakika za ziada kwa sababu tu Kiingereza ni lugha yako ya tatu au ya nne.

Kwa hiyo CARS ianze mapema kuliko vyote, ikiwezekana mwaka mzima kabla, hata kama hujagusa kitabu kingine cha MCAT. Dakika 30 kila siku zinashinda saa 4 za Jumapili. Soma makala ndefu za magazeti kuhusu mambo usiyoyapenda, kwa sababu kwenye mtihani ndivyo itakavyokuwa. Ukimaliza kila aya, sema kwa Kiswahili au Kirundi mwandishi anadai nini. Lakini usitafsiri neno kwa neno wakati unasoma, maana dakika 10 zitaisha ukiwa aya ya pili. Kozi ya falsafa au ya historia chuoni, yenye insha nyingi, itakusaidia hapa kuliko darasa la kulipia.

Kama una ulemavu au hali ya kiafya iliyothibitishwa na daktari, ikiwemo maradhi ya akili yanayotokana na vita na safari, unaweza kuomba utaratibu maalumu kama muda zaidi au mapumziko zaidi. Maombi hutumwa AAMC pamoja na karatasi za daktari, na huchukua wiki nyingi. Yatume kabla ya kuchagua tarehe.

Pesa: omba msaada kabla ya kujiandikisha

Ada ya MCAT inazidi dola 300. AAMC, shirika linaloendesha mtihani, lina mpango wa msaada unaoitwa Fee Assistance Program. Siyo wa raia peke yao. Mwenye green card anaweza kuomba, na aliyepewa hadhi ya mkimbizi au ya hifadhi pia anaweza. Kipato cha familia kisizidi mara 4 ya kiwango cha umaskini cha taifa. Mwaka 2025 kiwango hicho kwa familia ya watu 4 kilikuwa dola 32,150, na mara 4 yake ni dola 128,600. Familia nyingi zilizofika hivi karibuni ziko chini ya hapo kwa mbali.

Ukikubaliwa, ada ya mtihani inapungua kwa zaidi ya nusu, unapata vifaa rasmi vya mazoezi bila malipo, na ukifika wakati wa maombi ya AMCAS unatuma kwa shule hadi 20 bila kulipa. Shule nyingi pia hukusamehe ada zao za pili. Lakini msaada huu haurudi nyuma. Ukijiandikisha leo na kukubaliwa kesho, pesa ya leo haitarudishwa. Omba kwanza, subiri jibu, kisha jiandikishe.

Kuhusu madarasa ya kulipia ya maelfu ya dola: sikatazi, ila mwanafunzi mwenye vifaa rasmi vya AAMC, video za bure za Khan Academy na vitabu vya kuazima maktaba ya umma hajakosa kitu cha msingi. Jihadhari na yeyote anayekuahidi alama fulani.

Jambo jingine la pesa ni kupunguza kozi. Ukishuka chini ya krediti 12 ili upate saa za MCAT, Pell Grant yako itapungua muhula huo, na ufadhili mwingine unaweza kusimama kabisa. Ukiacha kozi katikati, inahesabika kwenye kipimo cha maendeleo ambacho chuo hutumia kuamua kama utaendelea kupata msaada. Nenda ofisi ya ufadhili kabla ya kubonyeza kitufe cha kuacha kozi. Krediti 12 zilizochaguliwa vizuri kwa kawaida ndiyo nafuu unayoweza kuipata bila kupoteza pesa.

Kuzungumza na nyumbani

Katika nyumba nyingi za Burundi, mwaka wa Examen d'État mtoto hupunguziwa kazi na wadogo huambiwa wanyamaze. Wazazi wanaujua mtihani huo. MCAT hawaijui. Wanamwona kijana mkubwa ameketi na kompyuta Jumamosi, hana darasa siku hiyo, na hataki kwenda kumpokea shangazi uwanja wa ndege. Waambie kwa lugha wanayoijua: huu ndio Examen d'État wa madaktari wa hapa, utafanyika tarehe fulani, na hadi siku hiyo Jumamosi asubuhi sipo. Bandika tarehe ukutani. Mama akiona mwisho upo, atakulinda mwenyewe. Na ugawane kazi ya ukalimani na mdogo wako, au waombe kliniki mkalimani wao. Hospitali zinazopokea pesa za serikali zina wajibu wa kumpatia mgonjwa mkalimani bure.

Tarehe na kitambulisho

MCAT hufanywa Januari, kisha kuanzia majira ya machipuko hadi Septemba. Matokeo hutoka baada ya mwezi mmoja hivi. AMCAS hufunguliwa Mei, na anayetuma Juni ana nafasi nzuri kuliko anayetuma Septemba, kwa masomo yatakayoanza mwaka unaofuata. Kwa hiyo Aprili au Mei ni tarehe nzuri ya mtihani, na Juni bado inafaa. Shule nyingi hukubali matokeo kwa miaka kama 3.

Wiki 4 kabla ya tarehe, fanya mtihani mzima wa mazoezi wa AAMC kwa saa zilezile, bila simu. Ukipata alama zilizo chini sana ya lengo lako, sogeza tarehe. Kusogeza kuna gharama, na gharama inapanda ukivuka siku 60 na tena siku 30 kabla ya mtihani. Zikibaki siku chini ya 10 huwezi kubadilisha tena.

Mwisho, angalia jina lako. Jina ulilojiandikishia lazima lifanane na lile lililo kwenye kitambulisho cha serikali chenye picha, ambacho muda wake haujaisha. Wengi wetu majina yaligeuzwa kambini au uwanja wa ndege: la ukoo likaandikwa mahali pa la kwanza, au herufi moja ikapotea. Kama green card inasema hivi na leseni ya udereva inasema vile, chagua kitambulisho kimoja utakachokwenda nacho na ujiandikishe kwa jina hilohilo, herufi kwa herufi. Kama unahitaji kusahihisha karatasi, anza miezi kadhaa kabla.

Kwa mlioko Canada

Kama familia yako ilipelekwa Québec na Kifaransa chako bado ni imara, Université Laval, Université de Montréal na Université de Sherbrooke haziombi MCAT. Zina masharti yao, hasa ya ukaazi na alama za juu sana, na zina vipimo vingine. Lakini saa 300 za MCAT unaweza kuziweka kwenye kozi zako.